Safari ya Marrakesh na Msimu wa Motokaa za Umeme



Mwenyezi Mungu katika Kitabu chake amewahimiza waja wake watembee katika ardhi na watazame. Wazee wetu walitembea kwa majahazi na kwa miguu, wakarudi na elimu. Sisi watu wa zama hizi twatembea kwa ndege, na aghalabu hatutazami chochote. Twarudi nyumbani na picha zetu wenyewe. Kwa sababu hiyo twapenda kuwasimulia safari moja tuliyoifanya mwezi wa Februari 2020, ambayo ilianza kwa jambo la mchezo, ikaishia katika jambo ambalo hatukulitazamia.

Tulifuatana na kijana wa ndugu yetu, mwenye umri wa miaka 17, ambaye akili yake yote imo katika mitambo. Baba yake alikuwa amemwahidi kwamba akifaulu mtihani wake ataonyeshwa mashindano ya motokaa za umeme, yaliyokuwa yafanywe Marrakesh katika nchi ya Moroko, siku ya Jumamosi 29 Februari. Sisi tulikubali kumpeleka kwa sharti moja: kwamba wakati wa kurudi tupitie Jidda, twende Makka tukafanye umra. Kwake yeye ingekuwa umra ya kwanza. Nasi tulikuwa na nia ya kufanya umra kwa ajili ya marehemu mama yetu, ambaye aliitamani Kaaba maisha yake yote na hakujaaliwa kuiona. Hati zote zilikuwa tayari, na nguo za ihramu zilikuwa chini kabisa ya sanduku letu, zimekunjwa.

Mji Mwekundu

Tulishuka Casablanca, tukapanda gari la moshi mpaka Marrakesh. Twaliita gari la moshi kwa mazoea tu, maana moshi halina. Nalo huenda kwa nguvu za umeme. Mwendo ulikuwa wa kiasi cha saa tatu, katika nchi tambarare na kavu, kisha kwa mbali ikatokea milima ya Atlas, vilele vyake vyeupe kwa theluji. Kijana wetu, aliyezaliwa na kukulia Mombasa, hakuwa amepata kuiona theluji kwa macho yake, akanyamaza muda mrefu.

Mji wa Marrakesh ulijengwa na Waislamu wa dola ya Murabitun katika karne ya 11, ukastawishwa na Yusuf bin Tashfin, ambaye milki yake ilivuka bahari ikafika Andalusia. Kuta zake ni za udongo mwekundu, na nyumba nyingi zimepakwa rangi hiyohiyo, hata mji mzima ukaitwa Mji Mwekundu. Juu ya yote husimama mnara wa msikiti wa Kutubiyya, wenye urefu wa mita 77 hivi, uliotimizwa katika karne ya 12 zama za dola ya Muwahidun. Msikiti huo umeitwa kwa jina la wauza vitabu, kwa kuwa soko lao lilikuwa ubavuni mwake. Ni jina la fahari kwa msikiti!

Humo mjini wamezikwa watu ambao sisi wa pwani twawajua majina yao bila ya kujua makaburi yao. Yupo Kadhi Iyadh, mwenye kitabu cha Shifaa, aliyefariki mwaka 1149. Yupo Imamu Jazuli, mwenye Dalailul Khairati, kitabu ambacho bibi zetu walikuwa wakikisoma kila wiki mpaka kurasa zikalegea. Na katika nchi hiyohiyo ya Moroko, mji wa Tanja, alizaliwa Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika pwani yetu, akalala usiku mmoja Mombasa kabla ya kuendelea hadi Kilwa, akaandika kwamba watu wa Mombasa ni wa madhehebu ya Imamu Shafi na kwamba misikiti yao ni ya mbao. Basi tulimwambia kijana wetu, "Mtu wa huku alikuja kwetu miaka karibu 700 iliyopita bila ya motokaa wala ndege. Sisi twamrudishia ziara yake tu."

Watu wa Moroko hufuata madhehebu ya Imamu Malik, na wengi wao husali mikono wameiachia ubavuni. Kurani huisoma kwa kisomo cha Warshi, si kwa kisomo cha Hafsi tulichozoea sisi, na baada ya sala ya magharibi hukaa pamoja wakasoma hizbu kwa sauti moja. Siku ya kwanza kijana wetu alishangaa. Siku ya pili alikuwa amekaa katikati yao, akifuata kwa macho katika msahafu. Hilo peke yake lilitosha kuwa faida ya safari.

Habari za Alhamisi

Jioni ya Alhamisi, 27 Februari, siku za mwanzo za Rajabu 1441, tulikuwa katika uwanja wa Jamaa el-Fna, ambao ni baraza kubwa la mji. Huko huuzwa maji ya machungwa na nyama za kuchoma, na wasimulizi wa hadithi hukusanya watu wakawazunguka. Tulikuwa tumekaa tukinywa chai ya nanaa, na mara tukaona watu wa meza ya pili wanaonyeshana simu zao, nyuso zimebadilika. Mzee mmoja kati yao alitutazama kofia zetu, akatuuliza kwa Kiarabu tutokako na tuendako. Tulipotaja umra, akatikisa kichwa. Serikali ya Saudia ilikuwa imetangaza siku hiyo kwamba wageni wa kutoka nje hawataingia kwa umra, kwa kuhofia maradhi ya korona yaliyokuwa yakienea duniani.

Hatukusema neno. Tulirudi hotelini, tukafungua sanduku, tukaitazama ihramu, tukalifunga tena. Usiku ule, twakiri, tulilia; si kwa ajili yetu sisi, bali kwa ajili ya yule aliyetangulia, ambaye hata nafasi hii ya kufanyiwa ilimpita.

Asubuhi kijana akatuambia, "Ami, mimi naona tusiende mashindanoni kesho. Haifai. Makka imefungwa nasi tukatazame motokaa?"

Maneno yake yalitupendeza, lakini hatukuyakubali. Tulimkumbusha habari ya Seyyidna Umar, aliyetoka Madina kwenda Sham, na alipofika Sargh akaambiwa kwamba huko kuna tauni. Alishauriana na masahaba, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Naye akamjibu kwamba anatoka katika kadari kwenda katika kadari nyingine ya Mungu huyohuyo. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, akaeleza aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.): kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kuikimbia. Basi mtu akirudishwa njiani kwa sababu kama hiyo, hakufukuzwa. Nia yake imeandikwa. "Nasi," tukamwambia, "ahadi ya baba yako ni deni. Leo tutasali Ijumaa Kutubiyya, kesho tutakwenda tulikoahidi, kisha tutarudi nyumbani."

Motokaa Hizi ni za Namna Gani?

Wasomaji wetu wamezoea mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza Afrika ya Mashariki mwaka 1953, yenye vumbi na ngurumo. Haya ni mengine. Motokaa zake zina kiti kimoja tu, na hazina tangi la petroli; zina betri. Mashindano ya kwanza yalifanywa Beijing, China, mwezi wa Septemba 2014. Yaliwekwa na Alejandro Agag, mtu wa Hispania, wakati Jean Todt wa Ufaransa alipokuwa raisi wa shirikisho la motokaa la ulimwengu; na makusudi yake yalikuwa kuonyesha kwamba motokaa ya umeme si kitu cha kuchekwa. Hufanywa aghalabu katikati ya miji mikubwa, kwa kuwa motokaa hizo hazitoi moshi wala kelele nyingi.

Katika msimu huo wa 2019-2020 walishindana madereva 24 wa timu 12. Kila motokaa, pamoja na dereva wake, ilikuwa na uzito usiopungua kilo 900, na katika hizo betri peke yake kilo 385. Mbio zake ziliweza kufikia kilomita 280 kwa saa. Mashindano wakati huo yalichukua dakika 45, kisha mzunguko mmoja wa kumalizia. Kabla ya mwaka 2018 betri hazikuweza kustahimili muda huo, na kila dereva alilazimika kushuka katikati ya mashindano akaingia katika motokaa ya pili. Yaani katika miaka minne tu ilipatikana betri inayomaliza safari. Hayo ni maendeleo ya kutazamwa.

Siri ya mchezo huu si mbio, bali hesabu. Umeme uliomo hautoshi kwenda kwa nguvu zote tangu mwanzo mpaka mwisho. Dereva mwenye pupa humaliza akiba yake akasimama njiani. Dereva mwenye busara huachia mguu kabla ya kona, na kila afungapo breki mtambo hugeuka ukawa wa kutengeneza umeme, ukairudishia betri sehemu ya kile kilichotumika. Tena kuna mahali palipochorwa nje ya njia iliyo nyepesi. Dereva akipita hapo hupoteza nafasi kwanza, kisha hupewa ziada, ambayo msimu huo ilikuwa kutoka kilowati 200 hadi 235 kwa muda wa dakika chache. Tulipoelezwa hayo na kijana wetu tulimwambia kwamba hiyo ni hotuba kamili ya Ijumaa. Umri ni betri: haujazwi tena baada ya kuanza safari. Anayeufuja ujanani husimama njiani. Anayejizuia, kule kujizuia kwenyewe humrudishia nguvu. Na mwenye kukubali hasara ndogo kwa ajili ya Mola wake hupewa zaidi ya alichokiacha.

Siku ya Mashindano

Uwanja wenyewe uko nje ya mji mkongwe, wenye mzunguko wa karibu kilomita tatu na kona 12. Zilipoondoka motokaa zile 24, tulitazamia masikio yetu yazibe. Walakini tulisikia mluzi mkali, kama upepo katika matanga, na sauti ya mipira ikisuguana na lami. Tuliweza kuzungumza na jirani yetu bila ya kupiga kelele.

Aliyeanza mbele alikuwa António Félix da Costa wa Ureno, na ndiye aliyeshinda. Wa pili alikuwa kijana wa Ujerumani, Maximilian Günther, na wa tatu Jean-Éric Vergne wa Ufaransa, ambaye alikuwa mgonjwa hata akashindwa kufanya mazoezi ya kwanza. Lakini mtu aliyetupendeza zaidi hakupanda jukwaani. Huyo ni Mitch Evans wa New Zealand, aliyeshinda Mexico majuma mawili kabla yake. Hapa Marrakesh alichelewa kuupata mzunguko wake wa kupimwa, akawekwa nyuma ya watu wote, wa 24. Alimaliza wa sita. Kijana wetu alikuwa akihesabu kwa vidole, kila anapompita mtu akinitikisa mkono. Hakuna aliyempigia tarumbeta, lakini aliyeanza wa mwisho akawa wa sita amefanya kazi kubwa kuliko wengi waliokuwa mbele yake.

Hapo tulikumbuka kwamba Mtume wetu (s.a.w.) naye alishindanisha farasi. Wale waliofundishwa walikimbizwa kutoka Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wasiofundishwa mwendo mfupi zaidi, mpaka msikiti wa Bani Zuraiq. Na Abdallah bin Umar alikuwa miongoni mwa waliopanda. Na ngamia wake Mtume, Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa, siku moja alipitwa na ngamia wa bedui. Masahaba walihuzunika, naye akawafahamisha kwamba ni haki ya Mungu kukishusha kila kinachopanda katika dunia. Basi kushindana kwa ustadi si aibu katika dini yetu. Kilicho haramu ni kamari inayoning'inizwa juu ya mashindano, ambayo leo imo ndani ya simu za vijana wetu, ikila karo za shule na posho za nyumba. Atazamaye akastaajabia kazi ya akili amepumzika. Awekaye shilingi yake juu ya jina la dereva ameingia katika aliyokatazwa.

Msimu Uliokatika

Msimu huo ulikuwa umeanzia katika nchi ya Kiislamu vilevile, tarehe 22 na 23 Novemba 2019, huko Diriyah karibu na Riyadh, kando ya magofu ya Turaif yaliyokuwa makao ya dola ya kwanza ya Saudia hadi mwaka 1818. Huko ndiko Reema Juffali, katika mashindano mengine ya motokaa za umeme yaliyofanywa siku hizohizo, alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Saudia kushindana katika mashindano ya kimataifa ndani ya nchi yake. Na wanawake wa huko walikuwa wameruhusiwa kuendesha motokaa mwaka 2018 tu. Baada ya Diriyah walikwenda Santiago na Mexico, kisha Marrakesh. Mashindano matano, washindi watano mbalimbali.

Marrakesh ndiyo ikawa ya mwisho kwa muda mrefu. Mashindano ya Sanya, China, yalikuwa yamekwisha ahirishwa. Yakafuata ya Roma, Paris, Seoul, Jakarta na New York. Na London, ambako walikuwa washindane katika majumba makubwa ya maonyesho ya ExCeL, majumba hayo yalifunguliwa mwezi wa Aprili 2020 kuwa hospitali ya wagonjwa wa korona. Pale palipopangwa motokaa pakapangwa vitanda. Nasi tuliorudi Mombasa moja kwa moja, baada ya majuma machache tulisali tarawehe majumbani mwetu, misikiti imefungwa. Mwaka huo haji ilifanywa na watu wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudia.

Siku chache baada ya Idi kubwa, tarehe 5 Agosti, mashindano yalianza tena Berlin, katika uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof, bila ya mtazamaji hata mmoja. Yalifanywa sita katika siku tisa, na ili yasifanane njia ikawekwa ya namna tatu, namna moja ikapitwa kinyumenyume. Uwanja huo una habari zake. Mwaka 1948 na 1949 ndege zilitua hapo usiku na mchana kuwaletea chakula watu wa Berlin ya magharibi waliofungiwa njia. Ulifungwa kwa ndege mwaka 2008. Na tangu mwaka 2015 mabanda yake yalilaza maelfu ya wakimbizi, wengi wao ndugu zetu wa Sham. Da Costa alishinda mara mbili za mwanzo, na tarehe 9 Agosti akawa bingwa wa msimu, mashindano mawili yakiwa bado. Alipata alama 158. Aliyemfuata, Stoffel Vandoorne wa Ubelgiji, alikuwa na 87. Alishangilia mbele ya viti vitupu.

Neno kwa Vijana

Kijana wetu sasa asomea uhandisi wa umeme, na bado twabishana naye. Yeye asema motokaa hizi zitausafisha ulimwengu. Sisi twamwambia kwamba umeme nao hutoka mahali: ukitoka katika makaa ya mawe, moshi umehamishwa tu. Watu wa Moroko wamelifahamu hilo, wakajenga mitambo mikubwa ya jua huko Ouarzazate, na hata juu ya paa la Kutubiyya wameweka vioo vya kukusanya nguvu za jua. Tena twamkumbusha Kolwezi, katika nchi ya Kongo, ambako watu husema Kiswahili kama sisi. Zaidi ya nusu ya madini ya kobalti yachimbwayo duniani, yatumikayo katika betri nyingi za motokaa, hutoka Kongo. Na imeshuhudiwa kwamba wapo watoto wanaoyachimba kwa mikono. Motokaa isiyotoa moshi London, ikiwa imemtoa mtoto machozi Kolwezi, haijawa safi. Mwislamu haulizi tu kitu hiki chafanya nini, huuliza kimepatikanaje.

Yeye hujibu, "Ami, ndiyo maana nasoma. Nataka nitafute betri isiyohitaji hayo." Na hapo hatuna la kumwongeza ila dua.

Tangu wakati huo Marrakesh walishindana mara moja nyingine, mwezi wa Julai 2022. Na Februari 2023 mashindano yalifika Cape Town, akashinda da Costa yuleyule. Mwaka huohuo, Alhamdulillahi, tulifungua sanduku lilelile, tukaitoa ihramu ileile, tukashuka Jidda na kijana wetu. Alipoiona Kaaba alinyamaza kama alivyonyamaza mbele ya theluji, lakini muda mrefu zaidi. Umra ya mama yetu ilitimia, imechelewa miaka mitatu. Tunamwomba Mwenyezi Mungu aikubali, awaponye wagonjwa wa kila nchi, awarehemu waliotangulia katika mwaka ule wa msiba, na awajaalie vijana wetu nguvu za kufika mwisho wa safari zao. Amin.